Chumvi Iliyozidi Sebuleni

Tangu Pomboo atolewe majini akiwa amebebwa, nyumba ile ilikuwa na watu watatu na sauti mbili. Mama yake alizungumza na redio, mkewe alizungumza na sufuria, na yeye mwenyewe alikaa kwenye kochi la sebuleni akiukodolea macho ukuta mtupu.

Jina la Pomboo alipewa na wenzake wa bandarini. Kazi yake ilikuwa kupiga mbizi chini ya meli, kukwangua uchafu ulioganda kwenye matumbo yake na kuchomelea mabati huko huko chini ya maji. Siku moja mpira wake wa hewa ulibanwa na mnyororo, akapanda juu haraka kuliko mwili unavyoweza kustahimili. Alipofika juu damu ilikuwa inamtoka masikioni. Sikio la kushoto likafa kabisa, la kulia likabaki na uhai kidogo, na kizunguzungu kikamganda; akisimama ghafla, nyumba nzima inamzunguka. Daktari hakumung'unya maneno. Alimwambia bahari basi, na kwamba akirudi chini ataletwa tena pale akiwa amefunikwa shuka.

Mkewe alikuwa msusi. Saluni yake ilipakana na duka la samaki wa mapambo, na mwenye duka, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene aliyejulikana kwa jina la Mama Samaki, alikuwa mteja wake wa kila mara. Ndiye aliyeleta wazo, kichwa chake kikiwa nusu kimesukwa na nusu bado.

"Mumeo haendi tena baharini," alisema. "Basi mpelekee bahari nyumbani."

"Hapo umetia chumvi, shoga."

"Chumvi ndiyo biashara yangu!" Mama Samaki alijibu, na wanawake waliokuwa wakisubiri zamu wakaangua kicheko.

Lakini wazo lilikwisha kumkaa Msusi moyoni. Haukupita muda tangi la kioo likafika nyumbani kwa mkokoteni, likawekwa palepale kwenye ukuta ambao Pomboo alikuwa akiukodolea.

"Nini hii?" aliuliza.

"Bahari yako," mkewe alisema, akijitahidi kutabasamu.

Pomboo alilitazama tangi, kisha akacheka kicheko kisicho na furaha. "Bahari kwenye sanduku." Mama Samaki, aliyekuja kulipanga, alipoanza kueleza namna ya kulitunza, Pomboo aligeuza kichwa na kumpa sikio la kushoto. Ndivyo alivyokuwa akifanya siku hizi kila asipotaka maneno. Kwa hiyo maelezo yote yakamwangukia mkewe.

Hayakuwa machache. Maji yachujwe kwanza. Chumvi iwe ile ya pakiti ya kufugia samaki, si ya jikoni. Ikorogwe kwenye pipa pembeni, pampu ikizunguka humo mpaka maji yawe maangavu, ndipo yapimwe. Kipimo chenyewe kilikuwa kama darubini ya mtoto: unadondoshea tone moja la maji kwenye kioo chake, unaelekeza kwenye mwanga, unachungulia, na pale rangi ya buluu inapokutana na nyeupe ndipo pana namba.

"Namba yako ni thelathini na tano," Mama Samaki alisema. "Ishike hapo kama unavyoshika nywele usije ukamvuta mtu kichwa. Na samaki asiingie mpaka uone haichezi."

"Na maji yakipungua?"

"Unaongeza maji matamu. Si ya chumvi! Joto hili litayarusha maji hewani, lakini chumvi haina mabawa, inabaki humo humo. Ukijazia maji ya chumvi juu ya chumvi iliyobaki, unawapikia achari."

Pipa la maji ya chumvi liliwekwa kwenye kibaraza cha nyuma, liwe akiba ya siku za kubadilisha maji. Mama mkwe alilizunguka mara mbili, mikono kiunoni.

"Chumvi yote hii! Si tungeilia mpaka vitukuu wakaota mvi."

"Si ya kula hii, Mama."

"Basi hata miguu yangu haifai?" Miguu yake ilikuwa ikivimba kila jioni, na alikuwa na imani kubwa na maji ya chumvi.

"Chota beseni moja, Mama. Moja tu."

Wiki za mwanzo tangi lilikaa bila samaki. Msusi aliamka mapema, akapima, akakuta thelathini na tano, akaongeza jagi la maji matamu mpaka kwenye mstari wa utepe alioubandika pembeni ya kioo, akaenda kazini. Kila alipochungulia kwenye kile kidarubini alijiona kama mtu anayesoma ugonjwa wa mumewe kwenye kioo. Namba ikikaa vizuri, siku yake yote inakaa vizuri.

Samaki wakaingia: wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, pamoja na kamba mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni. Kamba yule alijichagulia jiwe, akasimama juu yake, akawa anapunga sharubu zake ndefu. Wale samaki walikwenda kwake kwa zamu, wakasimama kimya, naye akawadonoadona kuwatoa uchafu mwilini.

Pomboo akainamisha mgongo mbele. Akatazama muda mrefu.

"Huyu ndiye bosi wa humu," alisema.

Msusi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Hakuthubutu hata kukohoa. Yalikuwa maneno ya kwanza yasiyo na uchungu ambayo mumewe aliyatoa bila kuulizwa tangu atoke hospitali. Mama mkwe naye alisikia kutoka jikoni, akazima redio. Wanawake wale wawili wakatazamana, wakashikana mikono kama wasichana.

Furaha ile haikukaa.

Asubuhi moja kipimo kilisoma thelathini na sita. Msusi akasema moyoni, labda macho yangu. Baadaye kikasoma thelathini na saba. Akakiosha, akadondoshea maji safi yasiyo na chumvi, akakaza kiskrubu chake mpaka kikasoma sifuri kama alivyofundishwa, kisha akapima upya. Thelathini na saba ile ile, tena na ushee. Na yeye kila asubuhi alikuwa akitia maji matamu, chembe ya chumvi haijatoka mkononi mwake. Akienda kazini anayaacha maji kwenye mstari, akirudi jioni anayakuta kwenye mstari. Sasa chumvi hii inapandia wapi?

Alianza kukosa raha. Alimsuka mteja mmoja mistari ikaenda upande, ikabidi afumue. Mama Samaki alikuja na kipimo chake mwenyewe, wakapima kwa vyote viwili, vikasema neno moja.

"Chumvi haijiumbi," Mama Samaki alisema akikunja uso. "Kuna mkono wa mtu hapa. Mumeo?"

"Huyo hanyanyuki kwenye kochi ila kwenda chooni."

"Basi angalia watu wako." Akaondoka, akaliacha neno lile likimtafuna Msusi.

Siku iliyofuata, kabla ya kwenda kazini, alikuta thelathini na tisa. Wale wa chungwa walikuwa wamejibanza chini, wakihema kwa pupa. Kamba alikuwa juu ya jiwe lake lakini sharubu zimelala. Msusi akapoteza mwelekeo. Mama Samaki alikuwa amemwonya kwamba chumvi ikizidi ishushwe polepole, kidogo leo, kidogo kesho, kwa sababu miili ya viumbe wale haivumilii ghafla. Lakini mtu aliyeshikwa na hofu hakumbuki. Alichota ndoo ya maji kutoka kwenye tangi akamwaga, akatia ndoo ya maji matamu. Akachota tena, akatia tena. Alipopima akakuta namba imeshuka vizuri, akashusha pumzi, akaenda zake akiamini ameokoa.

Aliporudi jioni, Pomboo alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi, paji la uso limegusa kioo. Kamba alikuwa amelala ubavu chini ya jiwe, mweupe kama kucha.

"Bosi amekufa," Pomboo alisema, bila kugeuka.

Miguu ilimpeleka Msusi yenyewe mpaka kibarazani. Alifunua pipa. Maji aliyoyaacha karibu na mdomo yalikuwa yameshuka chini ya nusu. Na pale pembeni, juu ya kigoda, lilikuwa beseni la mama mkwe, limeinamishwa likauke, na duara jeupe la chumvi limeganda ndani yake.

Damu ikampanda kichwani.

Mama mkwe alikuwa jikoni akichambua mchele. "Umerudi, mwanangu? Pole na kazi."

"Mama, maji ya kwenye pipa yamekwenda wapi?"

"Maji gani?"

"Ya chumvi! Pipa limefika nusu. Nilikwambia beseni moja."

"Nikachota beseni moja," bibi alisema, vidole vikisimama juu ya sinia.

"Na ulipomaliza kuloweka miguu yako ukayarudisha wapi? Kwenye tangi? Umewamwagia viumbe wa watu maji ya miguu yako?"

Maneno mengine, yakishatoka, hata anayeyasema anayasikia kama ya mtu mwingine. Mama mkwe hakupandisha sauti. Alisukuma sinia kando, akajifuta mikono kwa khanga taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Nimemzaa yule aliyeko sebuleni," alisema. "Nimemwogesha akiwa mtoto, na alipotoka hospitali nimemwogesha tena, wewe ukiwa kazini. Leo unaniuliza kama ninamchezea kitu pekee kilichomfungua mdomo? Kwa maji ya miguu?"

"Sasa ni nani, Mama? Humu ndani tuko watatu!"

"Ni mimi."

Pomboo alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkono mmoja umeshika fremu ili asianguke. Uso ulikuwa umempauka.

"Mama hajagusa kitu," alisema. "Mchana maji yanapungua. Nilikuwa ninajazia. Kutoka kwenye pipa."

Mama mkwe alipita kati yao, akaingia chumbani kwake, na muda si muda wakamsikia akizungumza kwenye simu na bintiye aliyekuwa akiishi mtaa wa pili. Alitoka na begi dogo na kitambaa kichwani.

"Mama, nisamehe," Msusi alisema hatimaye. "Nimekosa. Nimekosa sana."

"Nimesikia," bibi alijibu, akavaa viatu vyake kwa shida kwa sababu ya uvimbe, akatoka. Hakuubamiza mlango. Aliufunga vizuri kama mgeni.

Msusi alirudi sebuleni akakaa sakafuni. Pomboo akaketi karibu naye, upande ambao sikio lake la kulia lingemwelekea.

"Kwa nini hukuniambia?" mkewe aliuliza.

Pomboo aliweka kiganja kwenye kioo. "Mchana wewe uko kazini, Mama yuko sokoni au amelala. Feni inavuma. Ninaona maji yanateremka, pampu inaanza kunyonya hewa. Siisikii, lakini nikiweka mkono kwenye kioo ninaihisi inatetemeka. Nikasema nikikaa tu, hawa watakufa. Nikainuka. Mara ya kwanza nilitambaa mpaka kwenye pipa, na jagi nikalisukuma sakafuni."

"Ulitambaa?"

"Sasa ninatembea nikishika ukuta." Alisema hivyo kwa sauti ndogo, kama mtu anayeona haya kujisifu. "Ilikuwa kazi yangu. Ningekwambia, ungesema pumzika. Kila kitu humu ni pumzika, pumzika. Na maji ya bomba, nani humwaga maji ya bomba baharini? Nilidhani yakitoka ya chumvi, yanarudi ya chumvi."

Msusi alimshika mkono akaupeleka kwenye ukingo wa juu wa tangi, palipokuwa na ukoko mweupe unaokwaruza. "Onja."

Pomboo akaonja kidole.

"Maji yamekwenda, hii imebaki," mkewe alisema. "Baharini mito inaingia, mvua inanyesha, na kuna maji yasiyo na mwisho. Hapa mvua ni mimi na jagi langu. Asubuhi mimi ninaleta mvua, mchana wewe unaleta chumvi."

Pomboo aliutazama ukoko ule, kisha akamtazama kamba chini ya jiwe. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuua."

Hapo Msusi angeweza kunyamaza. Mumewe hakujua habari ya zile ndoo za asubuhi, alikuwa amelala. Lakini alikwisha kuona siku ile ukimya ulikowafikisha.

"Hapana. Chumvi yako ilimchosha, lakini aliyemmaliza ni mimi. Asubuhi niliishusha yote kwa mpigo, kwa hofu. Alikuwa hai mpaka nilipotia mkono."

Walikaa hivyo, bega kwa bega, mpaka chumba kikaanza kuingia giza, hakuna aliyeinuka kuwasha taa. Kisha Pomboo akaanza kulia. Hakuwa amelia hospitali, wala siku daktari alipomkataza bahari. Sasa alimlilia kamba mdogo kuliko kidole, akalia kwa sauti kubwa asiyoisikia mwenyewe, na mkewe akamwacha alie, kwa sababu alijua hamlilii kamba peke yake.

Kuanzia hapo waligawana kazi bila kufichana. Pomboo ndiye aliyekuwa akipima sasa. Mikono yake ya uchomeleaji, iliyozoea moto na chuma, ilishika kile kidarubini kwa uangalifu hata Msusi akaona wivu kidogo. Alitia maji matamu mchana, kidogo kidogo, akisubiri yachanganyike kabla ya kupima. Lakini mambo hayakunyooka upesi. Samaki mdogo alikataa kula. Alijibanza nyuma ya pampu, rangi ikampauka, na asubuhi moja wakamkuta anaelea. Pomboo alimtoa mwenyewe, na siku ile hakuzungumza na mtu mpaka jioni. Msusi akaingiwa na hofu kwamba ukimya wa zamani umerudi kuchukua kiti chake.

Na nyumba ilikuwa imepwaya. Redio ya mama mkwe ilikuwa bado jikoni, hakuna aliyeiwasha. Msusi alikwenda kwa wifi yake kuomba msamaha, akaambiwa mlangoni kwamba Mama amelala. Akaenda tena, Mama alikuwa ameoga na hawezi kutoka. Wifi alisema hivyo akiangalia chini, na nyuma yake televisheni ilikuwa ikipiga kelele.

"Nitakwenda mimi," Pomboo alisema aliposikia.

"Utakwendaje? Kwa gari?"

"Kwa miguu. Si mtaa wa pili tu?"

Hakuwa amevuka kizingiti cha mlango wa mbele tangu aletwe kutoka hospitali. Walitoka Jumapili asubuhi, jua likiwa bado pole. Msusi alitembea upande wake wa kulia ili sauti yake imfikie, na Pomboo akaweka mkono begani kwake. Mwanzoni alitembea akitazama lami. Pikipiki ilipopita kwa nyuma upande wa kushoto hakuisikia. Upepo wake ukampiga, akayumba, akakamata nguzo ya taa akaikumbatia, macho ameyafumba. Jasho lilimtiririka. Watu wawili waliokuwa wakipita wakamtazama jinsi wanavyomtazama mlevi wa asubuhi.

"Turudi," Msusi alisema.

"Ngoja isimame."

"Nini?"

"Barabara. Inazunguka. Itasimama."

Walingoja. Ilisimama. Wakaendelea.

Mama mkwe ndiye aliyefungua mlango, kwa sababu wifi alikuwa nje anaanika nguo. Alimwona mwanawe amesimama juu ya miguu yake miwili, shati limelowa, akapiga ukelele mmoja na kumvuta kifuani. Alimpapasa kichwa, mabega, mgongo, kana kwamba anahesabu kama viungo vyote vimefika.

"Umekuja na nini? Nani amekuleta?"

"Nimekuja na miguu, Mama. Nimekuja kukuchukua."

Bibi alicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akamwona mkwewe amesimama nyuma, nje ya kizingiti, mikono ameifumbata. Kicheko kikaisha.

"Mama, yale maneno..." Msusi alianza.

"Mwanangu huyu nimemsamehe kunyamaza kwake," bibi alimkata. "Wewe na mimi bado."

"Nimeelewa, Mama."

"Sikufukuzi. Ingia, unywe maji, jua limeanza kuwaka. Lakini bado."

Msusi aliingia. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akanywa maji aliyopewa, akasikiliza mama na mwana wakizungumza. Pomboo alikuwa akieleza habari za chumvi, jinsi inavyobaki maji yakiruka, na mama yake akiitikia kwa mshangao mkubwa ingawa ilionekana wazi kwamba haambulii kitu.

Hakurudi nao siku ile. Alirudi joto lilipopungua, kwa hiari yake, bila kusema kwa nini, akaingia jikoni moja kwa moja na kuuliza nani aliyeyaacha masufuria katika hali ile. Na ingawa alipika, akatania, akazozana na redio yake, ilichukua muda mrefu kabla hajamwita tena Msusi "mwanangu". Alimwita "wewe". Msusi aliitika kila mara.

Samaki yule mmoja aliyebaki aliishi. Mama Samaki aliposema ataleta kamba mwingine, Pomboo alimkatalia.

"Bado kwanza," alimwambia. "Namba imekaa, lakini acha nione kama haichezi."

Akachukua jagi, akaweka mkono mmoja ukutani, akaenda kuchota maji matamu.